Daftari la Wateja Lina Thamani Kuliko Droo ya Pesa: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Kisii na Nyamira

Leo tunazungumza na wewe mwenye tili ukutani, mwenye duka la uwakala pale Daraja Mbili, mwenye saiba karibu na stendi ya Nyamira, mwenye kemia Suneka, mwenye lojing'i Keroka, na wewe mweka hazina wa chama unayeandika majina ya wanachama kwenye kitabu cha kurasa 200.

Jioni ukifunga duka unafanya nini? Unahesabu pesa, unaziweka ndani ya nguo, unafunga kufuli mbili, unamsalimia soja na kwenda zako. Na daftari la wateja? Limeachwa juu ya kaunta. Kompyuta ya saiba? Haina nywila. Simu ya kazi? Imeachiwa kijana wa duka, na PIN anaijua yeye, ndugu yake, na pengine rafiki wa ndugu yake.

Pesa zikiibwa usiku mmoja umepoteza mauzo ya siku moja. Data za wateja zikiibwa, wanaopoteza ni watu waliokuamini, na wengine wao ni majirani zako, waumini wenzako na wazazi wa watoto wanaosoma na wako. Hapa kwetu habari husafiri haraka kuliko matatu ya Kisii–Keroka. Ukishajulikana kama duka ambalo “ukienda pale unapigiwa simu na matapeli”, hata ukipunguza bei namna gani, watu watavuka barabara.

Kwa hivyo tuangalie vitu vitatu: mwizi anatafuta nini kwako, sheria inakudai nini, na unaweza kufanya nini bila kuajiri mtaalamu wa kompyuta kutoka Nairobi.

Mwizi hatafuti pesa kwanza, anatafuta ufunguo

Watu wengi hudhani tapeli wa simu hubahatisha nambari tu. Wako wanaobahatisha, ndio. Lakini anayefanikiwa sana ni yule anayekupigia akijua jina lako kamili, nambari ya kitambulisho, na kiasi ulichotoa jana. Ukisikia mtu anakutajia hayo yote, moyo unalegea. Unamwamini. Akikuomba PIN au akikuambia ubonyeze nambari fulani, unabonyeza.

Sasa fikiria kilichoandikwa kwenye daftari la wakala: jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, kiasi, saa, na sahihi. Mstari mmoja tu huo ni nusu ya ufunguo wa maisha ya mtu. Nusu nyingine tapeli anaipata kwa kumpigia simu mteja au kwa kujaribu kubadilisha laini yake, yaani kusajili nambari ile ile kwenye kadi mpya ili ujumbe wote wa benki na wa pesa uingie kwenye simu ya mwizi.

Saiba nazo zina mzigo mkubwa zaidi. Mteja anakuja kutuma ritani za KRA, kuomba cheti cha maadili mema kupitia eCitizen, au kujaza fomu ya HELB ya mtoto. Anakutajia nywila yake kwa sauti, na mhudumu anaiandika. Kompyuta inauliza, “Nihifadhi nywila hii?” Mhudumu anabonyeza ndiyo ili kesho kazi iwe rahisi. Baada ya mwaka mmoja kompyuta hiyo moja ina funguo za mamia ya watu, na yeyote anayekaa kwenye kiti hicho kwa dakika 10 anaweza kuzisoma zote.

Tusisahau karatasi. Fotokopi ya kitambulisho iliyotoka na wino hafifu hutupwa kwenye ndoo. Kutoka kwenye ndoo inaenda kwa muuza njugu. Umewahi kununua njugu za shilingi 10 ukajikuta unasoma fomu ya mtu? Hiyo ndiyo safari ya data isiyolindwa. Hakuna mdukuzi aliyehitajika hapo.

Sheria inasema nini, kwa lugha ya kawaida

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa mwaka uliofuata. Wafanyabiashara wengi wadogo hufikiri sheria hii ni ya benki na kampuni kubwa za simu. Sivyo.

Jambo la kwanza la kujua: sheria haigusi kompyuta peke yake. Rekodi za karatasi zilizopangwa kwa utaratibu, kama daftari la wateja au faili za wagonjwa, nazo zimo.

Jambo la pili ni usajili. Biashara yenye mauzo chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 hailazimiki kujisajili na ofisi ya Kamishna. Hapo wengi hupumua. Lakini ngoja kidogo. Kuna kazi ambazo lazima zijisajili hata kama ni wewe peke yako dukani: huduma za kifedha, huduma za afya, shule, hoteli na malazi, uchukuzi, usimamizi wa nyumba na uuzaji wa ardhi, michezo ya kamari, huduma za mawasiliano, biashara ya matangazo ya moja kwa moja kwa wateja, na zile zinazotumia kamera za usalama kwa ajili ya kuzuia uhalifu. Kwa hivyo zahanati ndogo ya Nyansiongo, shule ya kibinafsi ya Ogembo na lojing'i ya Keroka yenye vyumba vinane, zote zimo. Ada kwa biashara ndogo ni Sh4,000, na cheti hudumu miaka miwili. Unajisajili kwenye tovuti ya odpc.go.ke. Ukiwa wakala, uliza kampuni iliyokupa uwakala jinsi usajili unavyokuhusu wewe na unavyowahusu wao.

Jambo la tatu ndilo kubwa: kutolazimika kujisajili si ruhusa ya kulaza data ovyo. Kanuni za kulinda data zinambana kila mtu anayezishika kwa ajili ya biashara. Kwa ufupi, chukua taarifa unazohitaji tu. Mwambie mteja unazichukua kwa nini. Usizitumie kwa kazi nyingine bila ruhusa yake. Usizikae nazo milele. Zilinde. Na mteja akija kukuuliza una taarifa gani zake, ana haki ya kuonyeshwa, kurekebishiwa zenye makosa, na kufutiwa zisizohitajika tena.

“Lakini hakuna mtu amewahi kushtakiwa kwa mambo haya”

Wameshapatikana. Desemba 2022, ofisi ya Kamishna iliitoza kampuni ya simu ya Oppo Kenya Sh5 milioni kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 zikafuata faini tatu kwa mpigo. Shule ya Roma ya Uthiru ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila kumwomba. Na Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, ilitozwa Sh2.975 milioni kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine, kisha kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Angalia vizuri orodha hiyo. Hakuna mdukuzi hata mmoja. Hakuna kirusi cha kompyuta. Ni mambo ya kawaida kabisa: picha imepigwa, ikapakiwa. Nambari imechukuliwa kwa mtu, ikapigiwa. Shule ngapi kuanzia Suneka hadi Ikonge zimeweka picha za watoto kwenye Facebook siku ya zawadi? Klabu ngapi za Kisii Town hupiga picha wateja Jumamosi usiku?

Kiasi cha faini ambayo Kamishna anaweza kutoza ni hadi Sh5 milioni au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, lile lililo dogo. Kwa biashara ya mauzo ya Sh3 milioni, asilimia 1 ni Sh30,000. Utasema si mbaya sana. Lakini hiyo haihesabu fidia ambayo aliyeumizwa anaweza kudai, wala makosa ya jinai. Makosa ya jinai chini ya sheria hii yanaweza kufika faini ya Sh3 milioni au kifungo cha hadi miaka 10. Na kwa upande wa pili, ukiingia kwenye kompyuta au akaunti ya mtu bila ruhusa, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inakungoja. Mhudumu wa saiba anayefungua eCitizen ya mteja “kuangalia tu kitu” anagusa sheria hiyo.

Pima hatari kama unavyopima ndizi

Mnunuzi wa ndizi pale Daraja Mbili hanunui mkungu kwa kuutazama kwa mbali. Anauinua, anauzungusha, anabonyeza, halafu ndipo anataja bei. Hatari za data nazo zipimwe hivyo. Chukua karatasi, jibu maswali manne.

Kwanza: nina nini? Andika kila mahali taarifa za wateja zinapokaa. Daftari, simu ya kazi, kundi la WhatsApp, kompyuta, fleshi, barua pepe, faili chini ya meza, ndoo ya takataka. Wengi hushangaa orodha inapofika vitu 10.

Pili: nini kinaweza kwenda kombo? Kuibwa, kusomwa na asiyehusika, kubadilishwa, kupotea, au kukosekana wakati unahitajika.

Tatu: kuna uwezekano gani? Tumia alama 1 hadi 3. Daftari lililo wazi kwenye kaunta mbele ya foleni ni 3. Daftari ndani ya droo yenye kufuli ni 1.

Nne: ikitokea, itauma kiasi gani? Tena 1 hadi 3. Orodha ya waliokunywa chai kwa deni, 1. Nambari za vitambulisho za wateja 400, 3.

Zidisha hizo namba mbili. Duka la uwakala lenye daftari wazi: 3 mara 3, ni 9. Fleshi ya picha za harusi kwenye duka la picha: 2 mara 2, ni 4. Anza na 9. Usianze na kile kilicho rahisi. Na usianze na kile ambacho muuza programu fulani amekutisha nacho.

Ukishajua kubwa ni ipi, una njia nne tu. Unaiepuka, unaipunguza, unampa mwingine aibebe, au unaikubali ukijua unachokubali.

Kuiepuka ni kuacha kukusanya usichohitaji. Mwenye duka la nguo, nambari ya kitambulisho cha mteja ni ya nini? Futa hiyo safu kwenye kitabu. Data usiyokuwa nayo haiwezi kuibwa kwako. Hii ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote, na watu wengi huiruka.

Kuipunguza ni kuweka vizuizi. Daftari likae upande wako wa kaunta, na ukurasa wa mteja aliyetangulia ufunikwe na kadibodi wakati mwingine anatia sahihi. Kila mfanyakazi awe na nywila yake. Akiacha kazi leo, PIN na nywila zibadilishwe leo, si mwisho wa mwezi. Kwenye saiba, kataza kompyuta kuhifadhi nywila, mgeuzie mteja kibodi aandike mwenyewe, na mwisho wa kazi mwonyeshe kwamba umetoka kwenye akaunti yake. Kama mteja ni mzee ambaye hajui kuandika, mwombe aje na mtu wake wa nyumbani anayemwamini. Mhudumu anaweza kusema, “Samahani omogaka, hii nambari ya siri ni yako, usinitajie mbele ya watu.” Mzee hatakasirika. Atakuheshimu.

Kumpa mwingine ni kama bima, au kutumia kampuni inayotunza kumbukumbu kwa mkataba. Lakini kumbuka, mkataba hauondoi wajibu wako kwa mteja. Soma kabla ya kutia sahihi.

Kuikubali ni pale ambapo hatari ni ndogo na kuizuia kunagharimu kuliko hasara yenyewe. Si aibu. Kosa ni kuikubali bila kujua kwamba umeikubali.

Msimu wa bonasi, macho yawe mawili

Kila eneo lina msimu wake wa utapeli. Kwetu, mashamba ya chai kuanzia Kebirigo hadi Nyamache yanapongoja malipo ya bonasi, kila mtu anajua pesa zinakuja, na matapeli pia wanajua. Ndipo simu zinaanza: “Mimi ni wa ofisi ya kiwanda, kuna hitilafu kwenye malipo yako, nitumie nambari iliyoingia kwa simu yako sasa hivi.”

Kama wewe ni karani wa kituo cha kununulia chai, mweka hazina wa kikundi au mhudumu wa sako, orodha uliyoshika ya wakulima, nambari zao na kilo zao ndiyo inayotafutwa. Usiipige picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200 “ili kila mtu aone yake”. Kila mtu ataona ya kila mtu. Mtumie kila mmoja ya kwake.

Na wakulima wetu, hatuwezi kuacha kurudia: hakuna mfanyakazi wetu wala wa kampuni yoyote halali atakayekuomba PIN. Kubonyeza *106# kutakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu ukaikane. Ukipokea nambari ya tapeli, watumiaji wa Safaricom huituma kwa 333. Wateja wa mitandao mingine, piga huduma kwa wateja.

Usalama pia ni kazi kuendelea

Kulinda data si kuficha tu. Mnamo Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa kwa kufurikishwa na maombi bandia hadi huduma nyingi zikakwama, na hata malipo ya simu yakasumbua kwa baadhi ya watu. Serikali ilisema data hazikupotea. Hata hivyo wananchi walikwama, na saiba zikakaa na wateja wasiohudumiwa.

Funzo kwa biashara ndogo ni hili: uwe na mpango wa siku mtandao hautakuwepo. Risiti za karatasi ziko wapi? Utathibitishaje malipo? Usikubali skrinishoti ya mteja kama uthibitisho, maana inatengenezwa kwa dakika mbili. Subiri ujumbe kwenye simu yako mwenyewe, na uangalie salio. Rekodi muhimu ziwe na nakala ya akiba mahali pengine, mbali na duka. Moto ukiingia sokoni, kompyuta na fleshi zilizo kwenye droo moja huungua pamoja.

Ikitokea, saa 72

Umefika asubuhi, mlango umevunjwa, kompyuta na daftari hazipo. Au umegundua aliyekuwa mfanyakazi wako amenakili orodha ya wateja. Fuata mpangilio huu.

Saa za kwanza: badilisha PIN na nywila zote, piga kampuni ya malipo ifunge tili au laini ya kazi, na uripoti polisi upate nambari ya OB.

Siku hiyo hiyo: andika ni data zipi zimetoka, za watu wangapi, na tangu lini. Andika ukweli, hata kama haupendezi.

Ndani ya saa 72 tangu ujue: kama kuna hatari ya kweli kwa wateja, sheria inataka umjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ukichelewa, utatakiwa kueleza sababu. Saa 72 ni siku tatu. Ikitokea Ijumaa jioni, zinaisha Jumatatu jioni, na wikendi inahesabiwa.

Kisha waambie wateja walioguswa, kwa maandishi, kwa maneno rahisi: nini kimetokea, wachunge nini, wakupigie wapi. Tunajua hili ndilo gumu kuliko yote. Wengi hunyamaza wakiogopa kuaibika. Lakini mteja aliyeambiwa mapema anaweza kukataa simu ya tapeli. Mteja aliyefichwa atajua siku akaunti yake imekuwa sifuri, na atajua ilitoka wapi.

Kazi ya wiki hii

Usingoje mwaka mpya. Jumatatu, andika orodha ya mahali data zako zinapokaa. Jumanne, ondoa daftari kwenye kaunta na ufute nywila zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Jumatano, badilisha PIN ambazo wengi wanazijua. Alhamisi, angalia kama kazi yako ni ya lazima kusajiliwa. Ijumaa, kusanya karatasi zisizohitajika, zichanechane au zichome. Kumbuka tu kwamba rekodi za kodi hutunzwa miaka mitano, na vitabu vya uwakala hukaa kwa muda uliotajwa kwenye mkataba wako, kwa hivyo usichome kabla ya kuangalia tarehe. Jumamosi, kaa na wafanyakazi wako dakika 20 uwasomee makala haya.

Gharama ya yote hayo ni kufuli moja, kadibodi moja, na muda wako. Ukikwama, piga huduma yetu kwa wateja au muulize mwakilishi wetu anapopita dukani kwako. Tutakusaidia kupanga orodha yako. Na akikuomba PIN huyo mwakilishi, basi si wetu.